Karatasi ya Mfuko wa Saruji

Kamwene, shemeji Semkindi. Ingia, funga mlango,
ukungu wa Dabaga hauna adabu, utakufuata hadi jikoni.
Podo liweke pale, mbali na moto.
Kibali nimekisoma: pongo mmoja, dume,
mhuri wa Iringa bado unapaka wino.
Haya, toa mishale.

Minane. Mitatu ni kuni.
Usinune. Huu umepinda kama hesabu ya mnunuzi wa viazi,
uzungushe juu ya ukucha wa gumba, uone unavyotetema.
Huu umeliwa na dumuzi. Na huu
sijui nani alikudanganya kuwa ni mwanzi.

Iliyobaki tuipime.
Misumari miwili ukutani, mshale ulale juu yake,
katikati tundika kopo la mahindi.
Ukibonyea vidole viwili, ni wa kuwindia panya.
Ukibonyea kimoja, tutazungumza.
Mwanzi una mgongo, shemeji,
na upinde wako ni mzito, unataka mgongo unaoujua.

Sasa rudi hatua sita.
Pale kwenye fremu ya dirisha
nimetandaza karatasi ya mfuko wa saruji.
Piga. Usilenge kitu,
karatasi haina moyo wala pafu.

Njoo uone tundu lako.
Lina mkia, na mkia umevutwa kushoto:
mshale umepita ubavu ubavu
kama mtu apenyaye msibani akitafuta kiti.
Mwanzi ni mgumu mno kwa chembe hiki chepesi.
Mbele paongezwe uzito, punje nne tano za maharage,
usiku bado mrefu.

Vyembe ni hivi vitatu.
Cha nondo: chembamba, kinatoboa, hakikati.
Hicho chenye meno yaliyogeukia nyuma
najua ndicho unachokitazama tangu uingie.
Kinatisha, eti? Kaka yako Galus naye alikipenda.
Kipupwe kile kabla ya Tulalumba kuzaliwa
alimpiga pongo begani, chembe kikang'ang'ania mfupa.
Siku tatu akamfuata, mashamba ya miwati, makorongo,
hadi ukingo wa msitu ambako hata kuni hatuokoti.
Alimkuta amesimama.
Amesimama, shemeji, na mshale ukicheza
kila anapovuta pumzi.
Nyama aliileta. Yeye hakuionja,
wiki nzima alikula ugali na chumvi,
na chembe kile akakirudisha hapa mezani
bila kukiosha.

Chukua hiki cha tatu.
Nimekifua kwa springi ya lori la mbao lililolala Kidabaga,
kipana kama jani la mchai, makali pande mbili,
hakuna jino, hakuna ndoana.
Kinaingia, kinatoka, mnyama anadhani ni mbu
na kabla hajakata shauri, amelala.
Lakini makali! Tupa, halafu jiwe la mtoni,
halafu mkanda wa ngozi, huu wa marehemu.
Huyu mpira wa tyubu ndiye hakimu:
uvute, uguse kwa chembe, usisukume.
Ukikatika wenyewe, basi.
Ukisubiri, nawe subiri, noa tena.

Piga. Bado mkia, ila mfupi.
Nitakaza ukano, chembe kimekaa upande.
Piga.
Piga, mikono yako inatetemeka, ni baridi au ni mimi?
Piga.

Aa. Umeona?
Tundu duara, na mikato mitatu ya manyoya kulizunguka,
basi. Mshale umepita kama mwenye nyumba.

Hatua ishirini, shemeji, zaidi ya hapo ni kiburi.
Asikuone, na asimame ubavu.
Ukimkosa, mkose kabisa.

Karatasi iache hapo dirishani.
Nikizima koroboi upepo utaanza kupita kwenye matundu,
nami nitalala nikiyasikiliza, lile lenye mkia mrefu
litapiga mluzi hadi alfajiri.
Kopo la mahindi usilibebe, ni la shule.
Na ile mitatu iache.
Nimesema ni kuni.